Kiti cha Kushoto

Baba alipolipwa mafao yake aliniambia anataka gari. Hakusema gari gani, kwa sababu kwake hilo halikuwa swali. Mimi ndiye niliyeligeuza kuwa swali.

Amekuwa dereva tangu kabla sijazaliwa. Kuanzia 1994 hadi 2006 aliendesha Land Cruiser nyeupe ya mradi mmoja wa maji kule kwetu Mbulu, namba za DFP, zile wanazopewa miradi ya wafadhili. Ilikuwa Series 80, gia ya mkono, dizeli ya silinda sita. Sisi watoto wake hatukuwahi kuipanda. Sheria ya mradi ilikuwa gari halibebi mtu asiye wa kazi, na baba ni mtu wa sheria. Tukitoka shule mvua inanyesha, mifuko ya rambo kichwani, alikuwa anatupita. Anapiga honi mara mbili, anapunguza mwendo asiturushie matope, anapita.

Mradi ulipofungwa gari likapigwa mnada. Jioni ya kuamkia mnada aliliosha hadi uvunguni, kwa brashi, kana kwamba analipeleka harusini. Mnadani hakwenda.

Kwa hiyo miaka kumi na sita baadaye, mwanaume wa miaka sitini mwenye mafao mkononi anaposema gari, familia nzima inajua anasema nini. Mama alijaribu. "Kwa nini si Noah?" aliuliza. Noah inabeba watu, inabeba vitunguu saumu, vipuri vyake viko kila kona. Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa aoe tena. Hesabu yake ilikuwa kukodisha: wageni wa miradi wanaokwenda vijijini, wapimaji ardhi, kampuni za utalii zinazozidiwa na kazi msimu wa juu, na vitunguu vya mama katikati. Si hesabu ya kijinga. Masika yakishika na ule udongo mweusi wa mbugani ukalowa, Noah inageuka kibanda.

Mimi ni mhasibu Dar es Salaam, najua kuendesha IST ya otomatiki, na nikipewa tatizo nafungua jedwali. Nikachukua likizo ya wiki mbili, nikapanda basi kwenda Arusha na jedwali langu.

Mjini watu humaliza habari hii kwa neno moja: shangingi. Bungeni na magazetini neno hilo limelaumiwa miaka nenda rudi, na anayelilaumu mara nyingi humuoni akishuka kwenye Vitz. Lakini ukitaka kununua lililotumika ndipo unapogundua kwamba mashangingi ni koo, na koo hazifanani. Series 80 iliingia 1990. Mbele na nyuma ina ekseli nzima, chuma kimoja kinene kutoka tairi la kulia hadi la kushoto, juu yake springi za koili. Series 100 iliyofuata 1998 ilivunja utaratibu huo: mbele kila tairi likapewa mkono wake, na badala ya koili zikawekwa fimbo ndefu za chuma zinazojisokota. Barabarani linatulia, linakata kona kistaarabu. Ndilo pia Land Cruiser la kwanza kupewa injini ya V8, ya petroli, lita 4.7, ingawa mtaani ukisema "V8" watu wanaelewa Series 200 ya 2007, ambayo kwa mafao ya dereva ilibaki kuwa gari la kutazama kwenye misafara.

Mimi nilitaka 100. Lilikuwa jipya zaidi, lina mifuko ya hewa, mgeni anayelipa kwa dola angependa kulipanda, na ni otomatiki. Hilo la mwisho sikulitaja.

Baba alitaka 80 kwa sababu moja aliyoirudia kila nilipofungua kompyuta: "Likiharibika porini, nalala chini yake naliona."

Tulilipata 100 Njiro. Jeusi, viti vya ngozi, modeli ya juu yenye kitufe cha kupandisha na kushusha bodi kwa haidroliki. Dalali alibonyeza, gari likainuka taratibu kama ngamia. Nilikubali kabisa. Baba alizunguka mara moja, akauliza kama hiyo haidroliki imewahi kubadilishwa tufe zake. Dalali akasema gari halina tatizo hata moja, mzee wangu, ingia tu barabarani. Baba akauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Dalali akacheka. Walikuwa wanataka milioni 46, na ningelazimika kukopa juu ya mafao. Nikaandika kwenye jedwali: *kukopa, inawezekana*.

Kesho yake tukaona kitu ambacho mimi niliamini ni 100 na baba akaamini ni 80, na wote tulikuwa sahihi. Sura ya 100, lakini baba alipochungulia chini alianza kucheka peke yake, akasema jambo kwa Kiiraqw ambalo sitalitafsiri. Kulikuwa na ekseli nzima mbele. Ilikuwa 105, toleo ambalo Toyota waliendelea kulitengeneza kwa ajili ya nchi za barabara kama zetu na mashirika yanayofanya kazi huko: bodi mpya, miguu ya zamani, na injini ileile ya 1HZ. Akanifundisha kusoma namba ya chesisi. HZJ105: HZ ni injini, J ni Land Cruiser, 105 ni ukoo. Lile la zamani la mradi lilikuwa HZJ80. Aliitaja kama mtu anayetaja jina kamili la rafiki wa shule.

Lingekuwa jibu letu, na hadithi ingeishia hapo. Mwenye nalo alitaka milioni 52, na tulipokuwa bado tunapiga simu kutafuta huruma, kampuni moja ya utalii ikalichukua kwa fedha taslimu.

Ikabaki Sakina. Huko kulikuwa na 80 ya 1996, nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya maziwa ya jana, milioni 34. Mwenyewe alisema kilomita ni 240,000. Baba hakubishana na kilomita, kilomita zinarudishwa na kila mtu anajua. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha, akatulia. Taa za dashibodi zikawaka zote, nyekundu na njano. Akazihesabu kwa kidole.

"Taa ya mkanda iko wapi?"

Dalali akasema ipi.

Injini ya 1HZ inatumia mkanda wa taimingi, na unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Zikifika, taa iliyoandikwa T-BELT inawaka kwenye dashibodi na haizimi mpaka fundi aisawazishe. Ukizungusha ufunguo nayo huwaka na wenzake kuonyesha kwamba ni nzima. Hapa haikuwaka. Kuna mtu aliona ni rahisi kung'oa balbu kuliko kununua mkanda. Mkanda ukikatika injini ikiwa kazini, pistoni zinagonga valvu, na hapo hununui tena mkanda, unanunua silinda hedi.

Nilijivunia sana. Jedwali langu halikuwa na safu ya taa ambayo haipo.

Tukalijaribu barabarani kuelekea Ngaramtoni. Baba anaendesha, mimi kushoto kwake, dalali nyuma. Sijawahi kumwona hivyo. Mikono ililala kwenye usukani bila kuushika, mabega yalishuka, akaanza kupiga mluzi. Nilikuwa nawaza kwamba bora tu tulipe, mkanda tutanunua, basi, apewe gari lake.

Akaonyesha ishara ya kuingia kushoto, akatazama kioo, akakata. Bodaboda ilikuwa hapohapo ubavuni, kijana na abiria wake mwenye beseni la ndizi. Nilipiga kelele. Baba akakanyaga breki, injini ikazima, beseni likaanguka barabarani. Kijana alishuka akitukana, na alikuwa na haki. Baba alishuka pia, akawa anaokota ndizi moja moja na kuomba radhi, na mimi niliyekuwa namtazama kupitia kioo nikaona anapapasa upande wa kushoto wa mguu wake kutafuta ndizi iliyokuwa pale wazi.

Dalali alisema siku hizi bodaboda hawana adabu.

Tuliporudi mjini tukakaa kwenye kibanda cha supu. Baba alitoa mfuko wa shati chupa ndogo ya dawa ya matone, akaiweka mezani kati yetu. Nilishaiona chupa ile nyumbani, nikadhani ni ya vumbi.

"Presha ya macho," alisema. "Mwaka wa pili huu."

Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo unaanza kula pembeni. Katikati unaona vizuri, unasoma gazeti, unaona taa ya dashibodi isiyowaka, ila pembeni panafungwa polepole kama pazia. Kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Mama hajui. Nikamuuliza alitarajia kuendeshaje. Akasema barabara za kule hazina watu wengi. Kisha akasema, alitaka mwaka mmoja tu.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kuna watoto wanaotembea kwenye barabara hizo wakitoka shule. Alisukuma bakuli lake, supu ikiwa haijaguswa.

Usiku ule sikulala. Asubuhi alikuwa ameshaoga na kuvaa aliponigongea mlango wa gesti.

"Chukua lile jeusi la Njiro, mama," alisema. "La otomatiki. Wewe au dereva utakayemwajiri ndiyo mtaliendesha. Mimi nisiwe kikwazo."

Hilo ndilo nililolitaka tangu mwanzo, na sasa nilikuwa nimepewa na mtu anayetazama sakafu. Nikafungua jedwali. Kwa V8 ya petroli kwenye njia zetu, nikiweka hata ukodishaji mzuri, mafuta yalikuwa yanakula nusu ya kila safari. Haidroliki ikigoma Mbulu, hakuna wa kuishika. Kompyuta ya kuisomea iko Arusha. Na mkopo. Upande wa pili, 80 ya Sakina ikishushwa bei na kuwekwa mkanda mpya ilibakiza akiba ya dereva wa miezi sita. Namba zilikuwa upande wake tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimezipanga vibaya kwa sababu nilitaka zinipeleke Njiro.

Au huenda asubuhi ile nilizipanga vibaya kwa sababu nilitaka zinipeleke Sakina. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijapata jibu ninaloweza kulisaini.

Nilimwambia tunachukua 80, lakini mkanda unafunguliwa kabla hatujalipa. Fundi wake wa zamani alikuja na spana zake, akatoa kava. Mkanda ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Mwenye gari alishuka hadi milioni 31 bila mabishano marefu. Fundi aliweka mkanda mpya, akabadilisha na oili, na baba akanunua balbu ya taa ile, akaiweka mwenyewe. Ilimchukua dakika chache, akiwa amekaribisha uso kabisa kwenye dashibodi.

Nikampa ufunguo kwa mazoea. Akaurudisha kiganjani kwangu.

"Sijui gia ya mkono, baba."

"Najua hujui."

Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto na kusimama. Kwa miaka yote ile kiti hicho kilikuwa cha mhandisi, cha mfadhili, cha mkuu wa wilaya. Alipanda, akasogeza kiti nyuma, akakirudisha mbele, hakujua aweke wapi mikono. Mwisho aliiweka magotini.

Tulitoka Arusha alfajiri ya Jumapili kukwepa magari. Nilizima injini mara nne kabla ya Kisongo. Makuyuni tulikunja kulia, na kufika Mto wa Mbu nilikuwa nimelowa jasho mgongoni. Kisha ukuta wa Bonde la Ufa ukasimama mbele yetu, kona juu ya kona, na lori la mahindi likitambaa mbele. Tulipofika juu kidogo, ziwa Manyara likafunguka upande wa kushoto, rangi ya bati. Baba aligeuza kichwa chote, kama anavyogeuza siku hizi, akalitazama muda mrefu. Amepita pale tangu lami haijafika Karatu. Akasema hakuwahi kujua kwamba linaonekana kubwa hivyo.

Injini ikaanza kunguruma kwa uchungu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshakanyaga zulia, mkono wa kulia umenyanyuka kutoka gotini.

"Inakuomba ya pili," alisema. "Husikii?"

Nikakanyaga klachi.