Gemu Ambayo Wengine Hawana

Konsoli za gemu huuzwa kwa wivu. Mwaka 2015 Sony ilipotoa Bloodborne, ilikuwa ya PlayStation 4 tu. Usiyekuwa nayo uliishia kutazama video za wenzako. Nintendo nao ni hivyo hivyo: ukiitaka Zelda, utaifuata kwao. Gemu moja nzuri iliyofungiwa ndani hutosha kumfanya mtu anunue mashine nzima.

Mimi natumia Linux tangu mwaka wa kwanza wa chuo, kwa sababu laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo ilikuwa imeshindwa kuibeba Windows. Sasa nasoma shahada ya uzamili, na takwimu zote za tasnifu yangu nazichambua humo humo, kwa R, bila kulipia leseni hata moja. Lakini mdogo wangu, aliye kidato cha nne, hana habari na tasnifu.

"Dada," aliniuliza, "hiyo Linux yako ina gemu gani kubwa ambayo sisi wa Windows hatuna?"

Nikamwambia hakuna.

"Na itakuja kuwapo?"

Hilo la pili ndilo nimebaki nalo.

Kwa hesabu tu, jibu ni rahisi. Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, watumiaji wa Linux mwishoni mwa mwaka 2025 walikuwa kama watatu katika kila mia. Gemu kubwa siku hizi hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna mwekezaji atakayewapa kisogo wale tisini na saba. Kampuni ya Loki Software ya Marekani ilianza mwaka 1998 ikitaka kuishi kwa kuhamishia gemu za wengine kwenye Linux. Mwaka 2002 ilifunga.

Valve, wenye Steam yenyewe, wana kila sababu ya kuipendelea Linux: kifaa chao cha mkononi, Steam Deck cha mwaka 2022, kinaendeshwa nayo. Hata hivyo Half-Life: Alyx, gemu yao kubwa ya mwaka 2020, ilitangulia Windows, ya Linux ikafuata baadaye. Fedha zao waliziweka kwingine, kwenye Proton, programu waliyoitoa mwaka 2018 inayoiwezesha Linux kuendesha gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows.

Nadhani kuna sababu iliyo chini ya hesabu. Ili gemu ifungiwe mahali, lazima awepo mwenye mahali hapo, anayeshika ufunguo na kupata hasara gemu ikitoka. Linux haina mtu huyo. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kisha akaiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. SuperTuxKart, ambamo pengwini wa Linux anashindana kwa magari, inachezwa pia kwenye Windows na kwenye simu za Android. Msimbo wake uko wazi, nani angeizuia?

Nakiri swali la mdogo wangu liliniuma. Nyumbani kwetu thamani ya kitu hupimwa kwa idadi ya waliokikosa. Shahada ya kwanza ilipigiwa vigelegele kwa sababu mtaani tulikuwa wachache. Ya pili inaulizwa italeta kazi gani ambayo wengine hawataipata. Nami nina siku ambazo natamani kuwa na kitu cha kumtambia mtu, hata kama ni gemu tu.

Ila kila nikifungua ile laptopu nakumbuka iliwezaje kuwa yangu. Walioandika R hawakujua kwamba kuna binti Dar es Salaam atakayeihitaji usiku wa manane, wala hawakuniuliza nina nini mfukoni. Kama Linux ingekuwa na kufuli ya kuwazuia watu wa Windows, kufuli hiyo hiyo ingenizuia mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye nisiyekuwa na hela.

Kwa hiyo sidhani itakuja, na siisubiri. Siku Linux itakapopata gemu kubwa ya peke yake, itakuwa kwanza imepata mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hachelewi kuja kudai kodi.