Motokaa Iliyolala Chini ya Mwembe

Motokaa yetu ililala miaka mitatu chini ya mwembe, hapa Kapolowe, tangu ugonjwa ulipotuzuia kuiendesha. Kuku walitagia ndani yake. Ndipo kijana wetu wa kwanza, akikaribia kufunga ndoa huko Likasi, alipoapa kwamba bibi yake hatakwenda kanisani juu ya magunia ya samaki. Akaazima betri, akatia esansi, injini ikanguruma. Tulipiga makofi, tukampandisha bibi na rozari yake. Baada ya hatua thelathini kijana akakanyaga breki, nayo motokaa haikusimama! Ilizuiwa na tuta la mihogo. Bibi hakuumia, alishuka kimya, nasi tukaona haya.

“Kukaa ndiko kulikoiharibu, Baba,” fundi alituambia. Mipira ya breki ilikuwa imekauka na kuvujisha. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na sisi twakaa kando ya Tshangalele, ziwa lililotokea mto Lufira ulipozuiwa kule Mwadingusha, kazi iliyokwisha mwaka 1930. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yaliyokwisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka hutoa mapovu, na mguu hukanyaga hewa.

Esansi ya zamani ilinuka kama rangi ya mbao, ikamwagwa. Panya walikuwa wamejenga kwenye chujio la hewa. Lakini tairi, machoni petu, zilikuwa nzuri! Fundi akatuonyesha tarakimu nne ubavuni, 0912: juma la 9 la mwaka 2012. Akaubonyeza mpira, nyufa zikafunguka kama tope la kiangazi.

Hapo fedha zikagombanisha nyumba. Kijana alitaka tairi mbili tu, nyingine baada ya arusi. Mama yake akamwuliza ni magurudumu yapi mawili yatakayobaki nyumbani, maana njia ya Likasi twaigawana na malori ya shaba. Zikanunuliwa nne, na breki zote zikatengenezwa. Fedha za wapiga muziki ziliishia humo, na kijana alinuna siku mbili.

Jumamosi akaileta mlangoni. Bibi hakuuliza kama inakwenda. “Inasimama?” Kijana akamwonyesha mara tatu, akienda na kurudi mbele ya mwembe. Mara ya nne bibi akafungua mlango mwenyewe.