Niulizeni Tundu Gani la Pua

Binti yangu alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi hata Ramadhani ikishapita, nami nikijisifu kwa wenzangu hapa London. Jioni alipika pilau, akatupakulia sote, kisha akasema ameshaonja jikoni, ameshiba. Nilipoiona mifupa ya mgongo wake chini ya kanga nilidhani ni hasadi, nikamtafutia kisomo. Alikuwa na miaka 19.

Madaktari wawili walipendekeza azuiwe hospitalini kwa kifungu cha 3 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983. Kifungu hicho humweka mgonjwa hadi miezi 6, na kwa mwenye anoreksia, kulishwa kwa mpira wa puani huhesabiwa kuwa matibabu hata asiporidhia. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alilazimika kuniuliza kwanza, maana baba yake alikwishafariki na mimi ndiye jamaa wa karibu kisheria. Nikapinga. Nilisema mwanangu si mwendawazimu: anajua tarehe, anajua hatari, anaijibu kila hoja vizuri kuliko mimi. Naye kando yangu akininong'oneza, "Mama, usiwakubalie."

Muuguzi mmoja hakubishana nami. Aliniuliza tu: "Akitaka kula, anaweza?"

Usiku ule nilimkorogea uji mwepesi. Tukakubaliana akimaliza kikombe kimoja, asubuhi nitampigania. Alishika kijiko karibu saa nzima. Machozi yakamtoka, mkono hauinuki. "Nataka, Mama. Lakini siruhusiwi." Nikamuuliza nani anayemkataza. Hakunijibu.

Basi nikaelewa kwamba akili yote niliyoisifu ilikuwa haifiki mkononi. Baadaye nilisoma kuhusu wanaume 36 waliojitolea kupunguziwa chakula katika utafiti wa Ancel Keys huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Walikuwa wazima. Njaa ilipowashika walijitenga na watu, wakawa na huzuni, na wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Nikaikumbuka ile pilau. Njaa yenyewe ilikuwa imeshika usukani, na mimi nikiiita hiari yake.

Asubuhi nilipiga simu nikaondoa pingamizi. Alikataa kuniangalia kwa wiki tatu.

Sisemi kila mgonjwa alazimishwe. Mwaka 2012 jaji mmoja wa Uingereza aliamuru mwanamke wa miaka 32 alishwe ingawa alikataa. Mwaka huohuo jaji mwingine hakuruhusu nguvu itumike kwa mwanamke wa miaka 29, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umedhoofika kiasi kwamba kumshika tu kungeweza kumuua. Nimezisoma kesi zote mbili mara nyingi, na sioni kwamba moja inaifuta nyingine.

Wodini walianza na chakula kidogo kidogo, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa ukishibishwa ghafla fosfeti hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mambo hayo nilielezwa mimi. Yeye hakuelezwa. Watu wanne walimshika ili awekewe mpira, na maelezo yote yakapita juu ya kichwa chake kuja kwangu, nami nikayapokea kana kwamba ni haki yangu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko mpira wenyewe.

Alipopata nguvu aliniambia, "Mlifanya vizuri kunizuia. Ila mliacha kuniuliza hata yale niliyoweza kuyajibu."

Sasa ana miaka 23. Ameandika karatasi yake akiwa mzima, daktari wake anayo nakala, nami nyingine nimeiweka pamoja na pasipoti zetu. Ameandika uzito ambao akishuka chini yake arudishwe hospitali, hata akipinga, hata akinililia. Chini ya hayo yapo maombi manne: "Anayeniwekea mpira ajitambulishe jina, Mama asinishike mikono, akae nami baadaye, na niulizwe tundu gani la pua."

La kushoto, ameongeza kwa mkono. La kulia linamuuma.