Picha za Mto Uliotulia

Sisi tukaao Omurushaka tukishika njia ya Kyerwa mpaka mpakani twaukuta mto Kagera ukipita kati ya mafunjo, mpana, mtulivu, hata mgeni hudhani maji hayaendi. Mahali pa namna hii wachoraji wengi wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 19 walipenda kuketi na rangi zao: mti mmoja, mtumbwi, mbingu ndani ya maji, wala hapana mtu anenaye.

Karagwe ilipata mchoraji wake mapema zaidi. James Augustus Grant, Mskoti, alifika pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1861, wakapokewa kwa wema na Omukama Rumanyika huko Bweranyange. Grant akashikwa na donda baya la mguu. Speke alipokwenda Buganda, Januari 1862, yeye alisalia, hawezi kutembea, hata Aprili. Na mkono wake wa kuume ulikuwa umekwisha jeruhiwa vitani Lucknow, Bara Hindi, mwaka 1857. Hata hivyo alichora, tena kwa rangi za maji. Picha zake za safari ile zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Mto wetu waliuandika kwa jina la Kitangule. Na ziwa dogo karibu na ikulu wakaliita Windermere, kama ziwa la Uingereza, kana kwamba lilikuwa halina jina!

Twapenda picha tulivu, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini wamo kati yetu wasioweza kuutazama mto kwa moyo huo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka. Mwaka 1994 maji haya haya yalichukua maiti za watu waliouawa Rwanda, yakazifikisha ziwa Victoria, na wakimbizi wakaingia Karagwe. Mto haukupaza sauti. Aliyesimama ukingoni aliona utulivu ule ule ambao mchoraji angeusifu.

Nyumbani mwetu imo picha iliyokatwa katika kalenda, mto wa Ulaya wa zamani zile. Mama mmoja, mgeni wetu, aliyevuka mwaka ule, aliomba aketi upande wa pili asiione. Hakueleza, wala hatukumwuliza. Picha ingali ukutani, maana watoto waipenda. Ila kiti chake sasa twakiweka dirishani, kielekee migombani.