Baiskeli Iliyolia Tik Tik

Mimi ni mkulima wa Nemba. Nalima mahindi, maharage na migomba kidogo. Jioni, kazi ya shamba ikiisha, nafanya kazi nyingine. Natengeneza baiskeli kuukuu. Sisemi juu ya kuziba pancha. Hiyo hata mtoto anaweza. Mimi natafuta baiskeli za zamani zilizokufa, nakusanya vipande vyake, kisha nazifufua.

Watu wengine hunicheka. Wanasema siku hizi kila kijana anataka pikipiki. Ni kweli. Lakini nilipokuwa mtoto, mwenye baiskeli alikuwa mtu mkubwa. Kahawa ikiuzwa, mzee alifikiria bati kwanza, kisha baiskeli. Baiskeli ilibeba ndizi mpaka gulioni. Ilimpeleka mgonjwa hospitali. Nyingi zilikuwa Raleigh, zilizotengenezwa katika mji wa Nottingham, Uingereza. Baadaye zilikuja Phoenix za China na Hero za India. Hata Tanzania tulitengeneza zetu, zikaitwa Swala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri viliadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini madukani hamkuwa na kitu. Nilimwona baba akijaza majani makavu ndani ya tairi, kwa sababu tyubu hazikupatikana. Tulipanda hivyo hivyo, makalio yakatulipia deni. Tangu siku hizo situpi kipuri. Nati moja iliyoanguka njiani naiokota.

Siku hizi wanapita wanunuzi wa chuma chakavu. Wanakuja na mizani. Sufuria iliyotoboka, jembe lililokwisha, fremu ya baiskeli, vyote wanavipima kwa kilo. Nchi hii ya Biharamulo ilikuwa na wahunzi tangu kale. Warongo waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo, kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Kazi ile ilikuwa ngumu, na jembe lilikuwa na thamani kubwa. Sijui mzee wa Kirongo angesema nini akiona fremu nzima inatupwa juu ya mizani kama kuni.

Basi, siku moja mnunuzi wa namna hiyo alisimama kwangu kuomba maji. Juu ya mzigo wake niliona baiskeli. Ilikuwa nyekundu kwa kutu. Haikuwa na tairi wala kiti. Lakini mbele, chini ya usukani, palikuwa na kibati chenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu. Nilimjua ndege yule. Ni alama ya Raleigh. Nilimpa mtu yule shilingi 18,000, akashusha. Sikumwuliza ameipata wapi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa kinene kuliko kawaida. Nilikisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa. Herufi zikaanza kutokea moja moja. Nilisoma polepole: STURMEY-ARCHER, AW, 55, 8. Nilifurahi sana. AW ni aina ya giya zenye miendo mitatu, zilizofichwa ndani ya kitovu. Na tarakimu zile ni tarehe. 55 ni mwaka 1955, na 8 ni mwezi wa Agosti. Kitovu kile kilikuwa na umri kuliko mimi, na mpaka siku ile labda hakuna aliyekisoma.

Kazi ilichukua miezi mitano. Nati zilizoshikwa na kutu haziheshimu nguvu. Ukilazimisha, bolti inakatika. Nilizimwagia mafuta ya taa kila jioni kwa siku nane, ndipo zikakubali. Kwenye ringi nilitumia maji ya ndimu na majivu. Palipong'aa zamani nilisugua kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, niliyoichovya maji. Karatasi ile inaondoa kutu bila kukwaruza. Njiti nilizihesabu kabla ya kwenda kununua. Raleigh za namna ile zina njiti 32 mbele na 40 nyuma. Ukinunua bila kuhesabu utarudi mjini mara ya pili.

Palipokaribia kunishinda ni kwenye pedali. Vikombe vinavyoshika gololi vilikuwa vimelika. Nilinunua vipya, vya baiskeli nyingine, nikaanza kuvikaza. Vilikwenda kidogo, vikakwama. Nilitaka kutumia nyundo. Bahati nzuri niliacha, nikaenda kulala. Baadaye fundi mmoja mzee wa Ngara alinieleza. Michirizi ya skrubu, ile ambayo mafundi huiita thredi, haifanani. Baiskeli nyingi za Kiingereza zina michirizi 24 kwa inchi moja. Raleigh walikata yao 26. Tofauti ni ndogo, jicho halioni, lakini chuma kinaijua. Ningepiga nyundo ningeua fremu. Mzee yule alikuwa na vikombe vya Raleigh iliyokufa. Tulibadilishana kwa jogoo.

Kitu kimoja sikukigusa. Bolti ya madigadi ya nyuma haikuwa na washa. Badala yake aliyeitengeneza zamani aliweka senti kumi ya Afrika Mashariki, zile zenye tobo katikati, ya mwaka 1952. Niliisafisha, nikairudisha palepale. Nilipenda akili yake.

Baiskeli ilipokwisha, nilipigwa picha nayo. Picha ikafika kwa mtu mmoja wa Mwanza, kwa simu. Akasema atanunua kwa shilingi 400,000, akatuma 150,000 kwanza. Mke wangu alicheka siku nzima. Tulinunua bati sita za jiko, tukaziegemeza ukutani.

Kabla ya kuipeleka, nilitaka kuijaribu. Waya wa giya sikuupata. Giya ile bila waya hubaki kwenye mwendo wa tatu, ule mzito, kwa hiyo vilima nilisukuma. Lakini kwenye tambarare ilikwenda vizuri, na kitovu kililia ndani kwa ndani: tik, tik, tik, tik. Ndivyo giya zile zinavyolia.

Nikapita mbele ya nyumba moja ng'ambo ya mto. Bibi mmoja alitoka mbio, kama mtu aliyeitwa. Alisimama njiani. Nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeinunua, mama. Ni mali yangu."

"Sikusema umeiba. Nauliza umeitoa wapi."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mlio huo naujua. Baba watoto akirudi usiku nilikuwa nausikia toka kule mtoni, nabandika maji ya kuoga. Mjukuu wangu aliiuza nilipokuwa nimelazwa. Alisema ni chuma tu."

Nilinyamaza. Moyoni nilijisemea kwamba milio inafanana. Nilikuwa nafikiria bati. Ni kama aliniona moyoni.

"Tazama bolti ya madigadi ya nyuma," akasema. "Pana senti kumi yenye tobo. Aliiweka yeye, kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyempa."

Hakuinama kutazama. Hakuwa na haja. Aliweka kiganja juu ya kiti, kiti kipya nilichonunua mimi, akakaa kimya.

Nilirudi nyumbani nikisukuma, ingawa njia ilikuwa tambarare. Usiku ule mimi na mke wangu tuligombana. Alisema nilinunua kwa fedha yangu, mbele ya watu, na miezi mitano si mchezo. Hakusema uongo. Nami sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba siwezi kuipakia ile baiskeli kwenye basi la Mwanza. Asubuhi nilirudisha bati dukani. Mwenye duka alikata kidogo, nikaongeza kwa kuuza mbuzi, nikamrudishia yule mtu fedha zake.

Nikampelekea bibi baiskeli. Akaikataa.

"Nikiiweka hapa yule kijana ataipima tena," alisema. "Kaa nayo wewe. Lakini hii ni yangu." Akafungua pindo la kanga yake, akahesabu noti na sarafu, zikatimia 18,000. Nilizipokea. Kama ningezikataa, ingekuwa zawadi yangu kwake, na ile haikuwa yangu kuitoa zawadi.

Siku hizi nina daftari. Mtu akiniletea baiskeli naandika jina lake, mahali alipoipata, na namba iliyogongwa kwenye fremu. Mara mbili sasa wauzaji wameona kalamu wakaondoka na mali yao.

Kila siku ya gulio naitoa ile Raleigh. Nazunguka njia ya mtoni, ingawa ni ndefu. Nikikaribia nyumba ile naacha kupiga kengele, ili kitovu kisikike. Mara nyingine bibi anatoka. Mara nyingine anaitika tu akiwa ndani, nami napita.

Mvua za masika zimeanza. Jiko letu bado linavuja, na mke wangu bado ananidai bati sita.