Shujaa Anayesinzia

Ukimwuliza mtu mzima wa hapa Ujiji gemu ni kitu gani, atakwambia ni ngumi, magari na watoto kutoroka madrasa. Simlaumu sana, maana akipita mlangoni anachosikia ni makelele tu. Lakini mimi nimekaa ndani ya banda la gemu miaka miwili na zaidi, nikiwa mshika daftari: naandika nani kaanza saa ngapi, napokea hela, nagawa pedi. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata baada ya kidato cha nne, na usiku naandika riwaya. Basi nina neno juu ya gemu moja ya zamani, na nalisema kama mwandishi. Kwa upande wa kucheza, vitoto vya darasa la tano vinanifunga.

Gemu yenyewe inaitwa Brave Fencer Musashi. Iliundwa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1998 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Kwetu ilikuja ikiwa diski iliyochubuka, imechanganyika na diski za mpira, na PlayStation 2 ya bosi ikaikubali, maana mashine hiyo inasoma pia diski za kaka yake. Ikakaa ndani ya boksi haina mteja. Nani aache mpira?

Wateja iliwapata mwaka 2024. Watu wa huku mnakumbuka: kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Kibirizi pakawa kimya kama msibani. Maza, ambaye maisha yake yote ni kuanika na kuuza dagaa, akahamia kwenye mihogo. Na wale vijana wa mitumbwi, waliozoea kulala mchana na kufanya kazi usiku, wakajazana bandani kwetu bila senti. Hela ya nusu saa wanachangishana watu sita. Sasa mpira ni wa watu wawili, wengine wanne wanabaki kupiga miayo. Ndipo mmoja akachokonoa boksi akatoka na Musashi, akasema tuweke hii, angalau ina hadithi.

Kwa kuwa inaongea Kiingereza, mimi nikawa mkalimani.

Hadithi yake ni ya kuchekesha. Musashi ni kitoto kidogo chenye panga mbili na maringo mengi, kinaitwa kwa uchawi toka kwao kuja kuiokoa nchi isiyomhusu, na kitu cha kwanza anachotaka ni kurudishwa nyumbani. Majina yote ni ya msosi. Ngome inaitwa Allucaneet, ambayo ukiitamka haraka kwa Kiingereza unapata kula mpaka ushindwe. Binti mfalme anaitwa Fillet, yaani mnofu. Maadui ni dola ya wakata kiu. Sasa mnofu kwa vijana wa Kibirizi hauna utamu, nikamwita yule binti Bi Mgebuka, banda likalipuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine. Bi Mgebuka ametekwa! Bi Mgebuka kanuna! Mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu akakaa mpaka magharibi.

Lakini siri ya gemu hii haiko kwenye vichekesho peke yake. Iko kwenye saa. Ndani ya gemu mna saa inayotembea, na siku za wiki. Duka linafunguliwa na kufungwa, ukichelewa umechelewa. Wanakijiji wana ratiba zao. Na Musashi mwenyewe anachoka. Kuna namba inayoonyesha uchovu wake, ukimkimbiza mno anaanza kujikokota, na dawa yake ni moja tu: alale. Shujaa wa nchi nzima, adui yuko mlangoni, nawe inabidi umtafutie pa kulala!

Siku ya kwanza vijana walikasirika. Hela yetu inaenda kwenye usingizi wa mtoto? Wiki ya pili nikaona ajabu. Wakishampiga jitu fulani, hawakimbilii jitu lingine. Wanarudi kijijini. Wanaingia duka la midoli kutazama vinyago vya maadui waliowaua. Wanazungumza na watu wa ngome waliowakomboa, maana kila anayekombolewa anarudi na ujuzi wake: huyu kazi hii, yule anakufundisha pigo jipya. Nikiangalia daftari langu, nusu saa zilizorefushwa kwa kuchangishana tena hazikuwa zile za vita. Zilikuwa za kijijini. Mtu alikuwa tayari kulipa ili akae tu mahali anapofahamika.

Mmoja wao, nahodha wa mtumbwi mwenye miaka kama thelathini, akanipa maelezo ambayo sijayasoma kwenye kitabu chochote. Alisema, "Mdogo wangu, hii ni kama giza na mbalamwezi." Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwadanganyi dagaa, basi watu wanakaa ufukweni wanashona nyavu, wanalipana madeni, wanaoa. Akasema asiyekaa mbalamwezi, giza likirudi nyavu zake zina matundu.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa mfukoni. Riwaya yangu ni ya wavuvi na magendo, ina risasi za kutosha. Kuna jamaa anayeuza hadithi kwa simu, kila siku kipande, na kila kipande lazima kiishe mtu kaelekezewa bastola halafu "itaendelea". Alisoma sura zangu nane akasema ni bomba, atanunua, ila sura ya tano itoke. Sura ya tano ni watu wanashona nyavu na kutaniana. Hakuna anayekufa. Kwa wakati ule, maza anauza mihogo, hela ile ilikuwa ni kodi ya miezi miwili.

Nikawasomea vijana sura ya tano siku umeme ulipokatika. Wakabishana juu ya namna ninavyomshonesha mtu wavu, wakanisahihisha uzi, wakataka kujua yule kijana mwenye deni alilipa au hakulipa. Sijapata kuona watu wakigombana hivyo juu ya sura yenye bastola.

Na wala sisemi mapigano ni upuuzi. Ben Mtobwa, mwana wa mkoa huu huu wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alituachia Joram Kiango, na Joram anapiga watu kweli kweli. Ila Joram ana maneno, ana Nuru, ana muda wa kutuchekesha. Hizi za kwenye simu zinakimbia tu. Ni kama ugali usio na mawese: tumbo limejaa, ulimi haujui.

Niliwasimulia pia kwamba Musashi alikuwepo kweli. Miyamoto Musashi, mpiga panga wa Japani. Mwaka 1612 alipambana na Sasaki Kojiro kisiwani, na inasimuliwa kwamba alifika amechelewa kwa mtumbwi, akiwa na upanga wa mti aliouchonga toka kwenye kasia. Kojiro naye yumo ndani ya gemu. Banda zima likashangilia kasia. Nahodha akauliza swali moja tu: huyo mtu, wakati mwenzie anamsubiri juani, alikuwa amelala?

Tulimaliza gemu wiki ya kwanza ya Agosti. Tarehe 15 ziwa likafunguliwa, banda likabaki na watoto wa mpira. Sura ya tano sijaitoa. Jamaa wa simu hajapiga tena, na maza ameshaacha kuniuliza. Nahodha hupita jioni kabla hawajaingia majini, anasimama mlangoni na taa yake mkononi, anauliza yule kijana ameshalipa lile deni. Namwambia bado, nipo sura ya tisa.