Nanyala: Picha Iliyokuwa Ikingoja Kando ya Barabara

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma huuvuka Mto Songwe, ule upelekao maji yake Ziwa Rukwa, wala si ule wa mpakani na Malawi, kisha huingia wilaya ya Mbozi. Huko ndiko iliko Nanyala. Wengi huipita wakiwa wamesinzia. Aendaye Mbozi kutazama huambiwa habari za kimondo cha Marengi, lile pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Na mimi, sikufichi ndugu msomaji, nilikuwa nikikiendea kimondo hicho, kamera begani, siku gari letu lilipopata pancha hapo Nanyala.

Ilikuwa yapata saa moja ya asubuhi. Hatua chache mbele yetu lilikuwepo lori refu la mizigo lililoharibika tangu usiku. Hakuna katika nchi yetu asiyeijua alama yake: utingo hukata matawi mabichi na kuyalaza juu ya lami, moja baada ya jingine, ili dereva ajaye apunguze mwendo. Matawi yale yalikuwa saba. Yalianzia karibu na miguu yangu, makubwa na ya kijani kibichi, yakaendelea kupungua ukubwa machoni kadiri yalivyokwenda mbali, hata yakafika chini ya tumbo la lori, ambapo ilionekana miguu miwili ya fundi. Jua la chini lilikuwa limekipa kila tawi kivuli kirefu, na vivuli vyote vililala upande mmoja.

Utingo hakuwa na nia ya kuchora. Alitaka watu wasife. Hata hivyo alikuwa amepanga barabarani mstari ambao mwanafunzi wa sanaa angeutafuta kutwa nzima.

Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kisha London, ambako baadaye alikuwa Balozi wetu baada ya Uhuru, alilifahamu vema jambo hili. Alichora watu wakifanya kazi za kijijini, vilima nyuma yao, miili imeinama kwa namna moja kama ngoma inayorudia pigo lake. Mojawapo ya picha zake, ya 1956, huonyesha watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku; mwaka 1960 ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Wamarekani walinunua msafara wa pombe, jambo ambalo jirani zake wangeliona bila kugeuza shingo.

Na iko picha nyingine, ya wavulana watatu wakiyakimbilia mawimbi, iliyopigwa na Martin Munkácsi wa Hungaria kiasi cha mwaka 1930. Kwa miaka mingi imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba ilipigwa Liberia. Iwe ni huku au huko, watoto wale walikuwa wakienda kuoga tu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alisimulia baadaye kwamba picha hiyo ndiyo iliyomfanya aishike kamera kwa dhati.

Basi nikapiga magoti. Apigaye picha akiwa amesimama huona kama waonavyo wote. Akiinama, matawi hupanda na kuijaza nusu ya chini ya picha. Nikasogea kushoto ili lori lisikae katikati kabisa, kwani kitu kikiwekwa katikati jicho hukifikia na kutulia, halina tena safari. Nikapiga mara tatu, zote baridi. Mstari ulikuwepo, lakini hapakuwa na kitu cha kuuvunja.

"Umesimama vibaya," sauti ikasema.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye jiko la mkaa na chupa mbili za chai, akiwauzia madereva. Nikamwamkia, akanijibu "marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza picha ile ni ya nani na itaonwa na nani.

Swali hilo lilinichoma, na nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilimpiga mzee picha akitoka shambani na jembe begani, pasipo kumwomba, nikaitoa gazetini. Wenzangu waliisifu mno. Kisha binti yake akanipigia simu kuuliza kwa nini nimewaonyesha watu baba yake bila viatu, ilhali ana jozi mbili na alizivua kwa sababu ya tope. Mwanga ulikuwa mzuri, mpangilio ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nimemdhalilisha mzee wa watu. Sikuwa na jibu.

Nilimweleza mama yule kazi yangu na mahali picha itakapotokea. Akakubali, ila kwa sharti kwamba afunge kwanza kilemba chake na nimletee nakala. Kisha akaondoka kwenye kigoda chake na kuniamuru nikae. "Mimi hukaa hapa kila siku," alisema. "Ngoja mtoto arudi na maji."

Kutoka kigodani pake vivuli vya matawi vilinijia mbele badala ya kulala ubavuni, na mvuke wa chai ulikuwa ukipanda pembeni. Nikangoja karibu robo saa, wenzangu wakinipigia honi, gurudumu likiwa limekwisha kufungwa. Ndipo mtoto akavuka barabara kati ya tawi la nne na la tano, ndoo kichwani, na mama yule akainua mkono kumwita. Nikapiga mara moja.

Kimondo nilikifikia mchana, jua likiwa utosini. Picha zake hazikufaa.

Miezi miwili baadaye nilimpelekea nakala yake. Matawi hayakuwepo, lori lilikwisha kwenda zake, na alama ya oili tu ndiyo iliyobaki. Aliishika picha kwa muda mrefu, akakisifu kilemba, kisha akaweka kidole kwenye lami nyuma ya mtoto, penye safu ya madoa meusi ambayo mimi, pamoja na diploma yangu, nilikuwa sijayaona.

"Unaona?" alisema. "Nilimwambia ndoo inavuja."